Msimu Chemchemi Ilipopoa

2 Machi

Nimefika saa tisa alasiri, na mvua ya kwanza ya msimu imenikuta kwenye ngazi za mawe za nyumba yetu ya kuogea, hatua kumi tu kabla ya mlango. Dada alikuwa ameketi kwenye benchi la kibarazani kama jaji. Mkono wa kulia umefungwa plasta toka vidoleni hadi juu ya kiwiko. Kwa ule wa kushoto alikuwa akiwaelekeza watu mahali pa kuweka ndala. Aliteleza kwenye vigae vyake mwenyewe, vilevile ambavyo kwa miaka arobaini amewafokea wengine wasivikimbilie.

"Umekonda," akasema.

"Na wewe umevunjika."

Hiyo ndiyo salamu yetu. Tangu Mama afariki, miaka ishirini na minne sasa, tumekutana kwenye misiba na arusi tu, kila mmoja safu yake. Lakini Dada hana mtoto, mimi ni mjane na nimestaafu, na mtu wa miaka sitini na sita hawezi kujifunga sidiria kwa mkono mmoja. Nimeahidi kukaa mpaka plasta itoke. Daftari hili alinipa binti yangu siku nilipoaga chumba cha ushonaji pale hospitali. "Mama, sasa una muda," alisema. Haya, muda wenyewe ndio huu.

Harufu ya maji ilinipokea kabla ya Dada. Wageni husema inanuka yai viza. Kwangu ni harufu ya nyumbani.

3 Machi

Nyuzi 44 hodhini. Nimezisoma kwenye ubao wa mlangoni, ambako Fundi huandika joto la maji kwa chaki kila asubuhi. Fundi ndiye mshika mabomba na mwangalizi wa upande wa wanaume tangu mimi msichana. Nywele zake zimekwenda zake. Mwandiko ni uleule.

Kila kitu ni kilekile. Chemchemi inatoka nyuma ya nyumba, kwenye tundu la mawe tunaloliita jicho. Pale maji yanaweza kumbabua mtu. Kwa hiyo Fundi huyachanganya na maji baridi ya kijito, kupitia kilango cha chuma, kabla hayajaingia kwenye mahodhi mawili, la wanawake na la wanaume. Ukutani kuna ndoano za shaba zenye namba, za kutundikia nguo. Nimepitisha kidole kwenye namba tisa. Ilikuwa yangu.

Nimefumua mikono ya magauni manne ya Dada na kutia vishikizo ubavuni ili plasta ipite. Akaligeuza gauni ndani nje, akatafuta kasoro, akaikosa. "Sawa," akasema, kama mtu aliyemeza shubiri.

5 Machi

Mvua. Nyuzi 44. Dada analalamika kwamba namsugua kama sufuria.

8 Machi

Leo wameingia wanawake kumi na tisa. Wote wanamwita Dada "Bi Mvuke", na wanamwogopa kidogo, na wanapenda kumwogopa. Kiongozi wao ni mkunga mstaafu, nyonga mbovu, mdomo mzima. Amenitazama mguu mpaka kichwa.

"Wewe ndiye yule mdogo? Yule aliyekimbia na dereva wa lori la chokaa?"

"Sikukimbia. Nilipanda lori taratibu, na sanduku."

Hodhi zima likacheka. Hata Dada aligeukia ukutani asionekane akicheka.

Walipoondoka nilikaa ukingoni peke yangu, miguu majini. Nilimwona Mama kama jana: gauni limepandishwa na kufungwa kiunoni, amesimama kwenye maji ya magotini, kamshika kikongwe mgongoni kama anayebeba trei ya mayai. Kwa kweli mayai yalikuwepo pia. Alikuwa akiyafunga kwenye kitambaa na kuyatumbukiza kwenye jicho, na sisi wawili tukihesabu mpaka mia tatu. Dada alihesabu mbio kwa uchu, kiini kikatoka kibichi. Mimi nilihesabu kwa madaha, kikawa jiwe. Mama alikula yote, na hata siku moja hakusema hesabu ya nani ndiyo sahihi.

13 Machi

Nyuzi 43. Mvua siku ya tano mfululizo. Kijito kimekuwa rangi ya chai ya maziwa.

19 Machi

Nyuzi 41. Fundi amefunga kilango cha maji baridi kabisa, zamu hii hodhi linapata maji ya jicho peke yake, na bado 41. Nimemkuta nyuma ya nyumba kachutama, kaweka kiganja juu ya mvuke kama anayempima mtoto homa.

"Miaka yote hii sijawahi kukifunga kilango hiki," akasema. "Usimwambie Bi Mvuke."

Dada alikuwa amesimama nyuma yetu. Akageuka akarudi ndani. Hakumfokea mtu, na hilo ndilo limenitia baridi.

20 Machi

Nyuzi 41. Mvua.

24 Machi

Fundi alipeleka habari idara ya maji, wakamtuma binti mmoja mwenye mabuti ya mpira na sanduku la vipimo. Anasema "shikamoo mama" kila anapoingia na kila anapotoka, hata akitoka kwenda tu kuchukua kalamu. Ameshusha nyaya kwenye jicho, amejaza chupa, ametembea juu na chini ya kijito siku nzima akinyeshewa.

Jioni tumempa chai, akatueleza. Chemchemi ya moto ni maji ya mvua ya zamani sana, yaliyozama chini, yakapata joto kwenye miamba, yakarudi juu kwa mpenyo wake. Mvua za mwaka huu zimefungua mpenyo mwingine. Maji baridi yanashuka nao na kukutana na ya moto kabla hayajafika juu.

"Yatapona?" Dada akauliza. Hakusema "yatarudi moto." Alisema yatapona.

"Mama, sijui. Huenda yakapoa zaidi kwanza. Nitakuja kila wiki."

Dada alikunywa chai yake yote bila sukari. Huwa anaweka vijiko vitatu.

29 Machi

Nyuzi 39. Wanawake saba. Mmoja aliingia mguu, akautoa, akasema maji haya hata kwake nyumbani yapo. Dada alimsikia.

2 Aprili

Nitaandika yote usiku huuhuu, vinginevyo kesho nitajidanganya kwamba sikusikia vizuri.

Nyuzi 38. Hakuja mtu mchana. Tulifunga mapema, nikamwingiza Dada hodhini, plasta yake nimeifunga mfuko wa plastiki. Mvua ilipiga mabati mpaka ikabidi tusemezane kwa sauti kubwa. Nilikuwa namwosha nywele, povu limejaa kichwani, aliposema:

"Maji haya yanapoa kwa sababu yangu."

Nikamwambia binti wa vipimo ameshaeleza, ni mpenyo.

"Mpenyo umefunguka kwa sababu yangu. Nyamaza nikwambie. Mama alikuita."

"Aliniita lini?"

"Kila mwaka. Kila mvua zilipokwisha, nilipokuwa nakuja mjini kwenu kununua sabuni na taulo. Siku ya kwanza kabisa, mwaka mmoja tangu uondoke, alinishika mkono hapo mlangoni akasema, mwambie mwenzio aje, hasira zimekwisha. Nikaja mjini. Nikanunua sabuni. Nikarudi nikamwambia: nimemwambia, amekataa."

Nilidhani mvua imenifanya nisikie vibaya. Nikamwambia arudie. Akarudia, neno kwa neno, hakupunguza.

"Mara ngapi?"

"Mara kumi na moja. Mpaka alipofariki."

Nieleze hapa, kwa atakayesoma. Nilipopanda lori lile nikiwa na miaka ishirini na minne, Mama alisimama kwenye ngazi akasema: "Ukienda na huyo, usirudi." Nilikwenda. Mume wangu alikuwa mtu mwema, tumeishi vizuri mpaka kifo kilipomchukua. Lakini kila mwaka nilingoja. Nilijiambia mama hawezi kumfukuza mtoto moja kwa moja, atatuma neno. Nilimzaa binti yangu nikingoja. Nilirudi hapa siku moja tu, kumzika.

"Kwa nini?" nikamuuliza. Sikumbuki kama nilipiga kelele au mvua ilinyamaza.

"Wewe ulikuwa na mikono ya Mama. Mimi nilikuwa wa kupiga deki. Ulipoondoka ndipo nami nikaitwa hodhini, na bado wale vikongwe walikuwa wakiniuliza, mdogo wako anarudi lini? Mgongo wake namsugua mimi, jina analotaja ni lako. Nikaona ukirudi, nitarudi kwenye deki."

Povu lilikuwa linamshukia machoni, na kwa mkono mmoja, huku ameshikilia ukingo, hakuweza kulifuta. Nilisimama nikalitazama likishuka. Kisha nikachota maji nikamsuuza, kwa sababu mtu hawezi kuachwa na sabuni machoni. Nikamfuta, nikamvisha, nikafunga vishikizo vyote. 

3 Aprili

Nimemwogesha bila kumsemesha.

4 Aprili

Hivyohivyo. Nyuzi 37. Kumbe mtu anaweza kujua kila kovu la mwili wa mwenzake na asimjue.

5 Aprili

Nilifungasha asubuhi. Nikafungua. Nikafungasha tena. Bi Mkunga alikuwa kibarazani akinitazama nikitoka na kuingia na sanduku. Sijui kajua vipi, wakunga wanajua.

"Mwanangu, yaliyopita si ndwele."

"Bi Mkunga, yaliyopita ndiyo ndwele yenyewe. Ya kesho mimi sina hata dalili zake."

Akacheka, akajishika nyonga. "Basi usiende na ugonjwa. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini hapa penu, nyinyi kazi yenu si kuyazoa?"

Mchana nilimwingiza Dada hodhini. Nikachukua sabuni. Nikasema: "Nipe salamu zangu."

"Zipi?"

"Zangu. Kumi na moja. Ulipewa uzilete, hukuzileta. Zilete. Moja kwa siku, nikikuogesha. Na usiongeze chumvi."

Alijishusha mpaka maji yakamfika kifuani. Akasema: "Ya kwanza nimeshakwambia."

"Niambie kama ulivyotumwa."

Akavuta pumzi. "Mama anasema uje. Hasira zimekwisha. Nafasi yako ipo."

Nikamsugua mgongo. Nilisugua polepole sana.

6 Aprili

Ya pili: "Mwambie namba tisa simpi mtu. Juzi mama mmoja alitundika khanga yake pale, nikaitoa." Dada anasema ni kweli, Mama aligombana na yule mwanamke mwezi mzima.

7 Aprili

Ya tatu. Fundi alikuwa amesikia kwa madereva kuwa nimejifungua. "Mwambie amlete mtoto nimwone vidole vya miguu. Kwetu kidole cha pili huwa kirefu."

Ni kirefu. Nililia mpaka ikabidi Dada anishike mimi kwa mkono wake mmoja mzima.

8 Aprili

"Ya nne ilikuwa kama ya kwanza," Dada akasema. "Uje. Basi."

Nyuzi 37. Hakuna aliyeoga leo isipokuwa sisi.

10 Aprili

Jana ya tano ilikuwa fupi: Mama kapata miwani, niambiwe ameona kumbe ukuta una nyufa. Ya leo, ya sita: "Mwambie aje na mumewe. Lori na liegeshwe chini, lisiharibu ngazi, lakini yeye apande. Nitampa mkono." Nilitamani mume wangu asikie. Aliishi na mimi miaka ishirini na tisa akiamini mkwewe hamtaki.

11 Aprili

"Mwambie gauni langu la kijani limechanika kwapani, na hapa hakuna anayejua kushona."

Tumecheka wote wawili, Mungu atusamehe. Mama kuomba kitu ilikuwa shida, ilibidi apitie kwapani.

12 Aprili

Ya nane Dada ameisahau.

Nimemwambia akumbuke. Amekunja uso, amefumba macho, amesema ilikuwa mwaka wa nzige, Mama alikuwa amekaa pale, ameshika ndoo... Hakuna. Imepotea. Nilitupa sabuni ukutani. Mtu mzima wa miaka hamsini na tisa natupa sabuni! Dada alitoka hodhini peke yake, akipapasa, akaiokota kwa mkono wa kushoto akanirudishia.

"Nipige na hiyo sabuni," akasema, "lakini siwezi kutunga. Umesema nisiongeze chumvi."

Hapo nikaamini zile nyingine zote.

15 Aprili

Mvua imepungua. Nyuzi 36. Binti wa vipimo ameshusha nyaya zake mara tatu. Anasema sasa jicho limetulia, halishuki tena, na yeye haamini litapanda, labda baada ya miaka mingi. Aliomba radhi kana kwamba ni yeye aliyelipoza.

Fundi akaandika 36 ubaoni, akasimama na chaki mkononi. "Hili ni joto la mwili tu," akasema. "Nani atapanda ngazi zote zile aje kuoga mwili wake mwenyewe?"

Dada alisema tutafunga mwisho wa mwezi. Akaenda kuzihesabu taulo, akazikunja kwa mkono mmoja, moja moja, dazeni sita.

17 Aprili

Bi Mkunga amekuja na mgeni: mjukuu wake, na mtoto wa siku kumi na mbili kwenye blanketi.

"Kilango kimefungwa na bado ni vuguvugu, Bi Mkunga," Dada akamwambia. "Nyonga yako hapa haina dawa tena."

"Sijaja kwa nyonga. Miaka arobaini na mitano nimewaogesha vichanga kwenye beseni, nikichanganya ya moto na ya baridi, nikichovya kiwiko, bado ya moto, sasa ya baridi. Nipisheni." Akashuka ngazi za hodhi kwa mashaka, akatumbukiza kiwiko, akafumba macho. "Nyuzi thelathini na sita. Haya ndiyo maji wanayotoka nayo tumboni."

Siku zote watoto walikatazwa kuingia hapa, wangeungua. Dada alimtazama Bi Mkunga, akanitazama mimi. Kisha akasema: "Mpe mdogo wangu. Ndiye mwenye mikono."

Sikuwahi kumsikia akilisema hilo mbele ya mtu. Nilishuka, nikapokea. Yule mtoto alikuwa analia tangu mlangoni. Maji yalipomfika shingoni alinyamaza, akafungua ngumi zake mbili, vidole vikaachana kimoja kimoja.  Ukutani nilimsikia Fundi, upande wa wanaume, akiacha kugonga bomba.

20 Aprili

Akina mama sita na vichanga sita. Makelele kama soko. Dada anafoka tena. Vijiko vitatu vya sukari.

22 Aprili

Ya tisa na ya kumi zilikuwa za ugonjwa, ndiyo maana Dada alichelewa kuzitoa. Nimezipokea juzi na jana na sitaziandika. Leo nimedai ya mwisho.

Dada hakutaka. Amesema anaumwa kichwa, amesema maji yamemwingia sikioni. Nikangoja. Mwishowe akasema:

"Mwaka wa mwisho hakunituma. Nilikuwa nimefunga mkoba, nikamwendea kumuaga, nikasubiri aseme mwambie. Akasema: 'Najua huwa humwambii.'"

"Ukasema nini?"

"Niliuweka mkoba chini. Akaniambia, 'Nisugue mgongo kabla hujaenda.' Nikamsugua. Nikaja mjini. Mwaka ule nilikuja mpaka hospitali, nikasimama ng'ambo ya barabara. Nikakuona ukitoka na kikapu. Nikarudi."

Sikutupa sabuni.

23 Aprili

Nimekaa kibarazani asubuhi yote. Mama alijua, na hakumtuma mwingine. Fundi alikuwepo, madereva walikuwepo. Labda aliogopa kumpoteza aliyebaki kwa kumwita aliyekwenda. Labda hakutaka tena kusema hesabu ya nani ndiyo sahihi. Na mimi je? Barabara ilikuwa ileile, na basi lilipita kila siku. Nilingoja kuitwa nyumbani kwetu kama mgeni wa arusi. Nilidhani aliyenyamaza ni mmoja. Kumbe tulikuwa watatu.

29 Aprili

Plasta imetoka. Mkono wa Dada ni mwembamba na mweupeweupe kama wa mtu mwingine. Amejifunga vishikizo mwenyewe, dakika kumi, ulimi nje.

Nimefungasha. Akaniuliza kama nitarudi, nikasema sijui. Ni kweli, sijui. Alinisindikiza mpaka ngazi ya mwisho na akasimama pale Mama aliposimama. 

3 Mei

Nyumbani. Nimefuta vumbi. Binti yangu amepiga simu. Nimemwomba aniambie kidole chake cha pili cha mguu kikoje. Ameniuliza kama nina homa.

7 Mei

Mvua ndogo. Nimekunja pazia, nikalikunjua.

11 Mei

Maji ya bomba hayana harufu yoyote. Mtu anawezaje kuoga maji yasiyo na harufu?

17 Mei

Saa nane mchana nilisikia hodi. Nikafungua.

Dada. Amelowa mpaka magotini, mkoba kwenye mkono wa kushoto, karatasi yenye anwani imeloa vidoleni. Hajawahi kufika kwangu. Ameuliza milango mitano. Hakunisalimu. Alijiweka sawa mlangoni kama mtoto aliyetumwa dukani, anayeogopa kusahau.

"Nimetumwa," akasema.

"Na nani?"

"Na Mama. Anasema uje. Hasira zimekwisha. Nafasi yako ipo."

Nilishika mlango. Nilitaka kusema jambo kubwa, nimelitunga miaka mingi. Likatoka hili: "Umechelewa. Miaka thelathini na minne."

"Basi lilikuwa linasimama kila mahali," akasema Dada.

Nilicheka, na yeye akacheka, tukashikana pale mlangoni majirani wakichungulia. Kisha nikampokea mkoba, nikamwambia aingie akauke kwanza, halafu tupange nani atabeba meza ya cherehani yangu kesho asubuhi kwenye basi la kurudi. Kichwa cha cherehani nitabeba mimi. Mkono wa Dada bado mbovu.